Niliwaambia Mlango Uko Wazi, Wakaniita Mwizi

Shangazi wa gazetini, shikamoo. Sijui hata nianzie wapi, kwa sababu tangu haya yanipate sijamweleza binadamu yeyote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wewe sikujui wala hunijui, labda ndiyo maana naweza, maana ukinicheka sitauona uso wako na ukinihurumia pia sitauona, ila nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, na kama inawezekana unijibu upesi kwa sababu kuna karatasi nimepewa nisaini na mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Mimi ni mwanamke, sijaolewa, naishi peke yangu chumba na sebule ghorofa ya juu, na kazi yangu ni kupima usalama wa mifumo ya kompyuta. Najua wengi wakisikia hivyo wanafikiri natengeneza kompyuta zilizoharibika, hata mama yangu miaka yote huwaambia watu "mwanangu ni fundi wa kompyuta" na mimi nimemwachia hivyo hivyo, lakini hasa kazi yetu ni hii: kampuni inatuajiri tujaribu kuingia kwenye mfumo wake vile mwizi angejaribu, tukipata tundu tunawaambia, wanaziba, mwizi akija anakuta pamezibwa. Kwa kazi hiyo tuna zana zetu, ni programu tu, nyingine tunazipakua na nyingine tunaziandika wenyewe, na sikufichi Shangazi, ndizo hizo hizo wezi wanazotumia, maana fundi wa kufuli ana ufunguo malaya, ule unaofungua kufuli zote, na mwizi naye anao, tofauti ni nani kamwita nani.

Sasa mama yangu ana uvimbe wa tezi shingoni. Nikampeleka hospitali moja kubwa ya binafsi akapimwa, wakatuambia siku hizi hakuna haja ya kurudi kufuata majibu, unapewa namba kwenye kikaratasi, unaingia kwenye tovuti yao, unaandika namba yako, majibu yanakuja. Nikaingia nikiwa nimekaa kitandani kwa mama, yeye yuko jikoni anaimba na kugonganisha masufuria, majibu yakaja, nikashusha pumzi maana hayakuwa mabaya, ni dawa tu na kurudi kuangaliwa. Lakini nikaona ile namba ya mama imekaa pale juu kwenye anwani ya tovuti, wazi kabisa, na kwa mtu wa kazi yangu kitu kama hicho hakipiti hivi hivi, mkono ukaenda wenyewe, nikabadilisha tarakimu ya mwisho, nikabonyeza. Yakaja majibu ya mtu mwingine. Jina lake kamili, umri, namba ya simu, na ugonjwa wake, tena ugonjwa ambao mtu hamwambii hata ndugu yake wa tumbo moja. Nilifunga upesi kama mtu aliyesukuma mlango wa bafu akakuta mtu anaoga.

Najua utaniambia hapo ningeacha, hata mpelelezi aliyenihoji baadaye aliniambia hapo ningeacha, lakini kwetu tundu moja huenda ni bahati mbaya ya ukurasa mmoja, na ukiripoti bila kuhakikisha unaonekana mzushi, kwa hiyo nikaandika programu ndogo, mistari michache tu, ikajaribu namba kadhaa na kunijibu tu kama mlango unafunguka au haufunguki, haikuhifadhi jina la mtu wala ugonjwa wa mtu, naapa. Milango yote ilifunguka. Maana yake kila aliyewahi kupimwa pale, mama yangu akiwemo, angeweza kusomwa na mtoto wa shule mwenye simu na muda wa kuchezea.

Siku hiyo hiyo nikamwandikia meneja wa mifumo wa hospitali, kwa adabu, nikaweka jina langu kamili na namba yangu ya simu, nikaeleza tundu liko wapi na linazibwaje, halafu Shangazi, hapa ndipo nilipojimaliza mwenyewe, nikamwambatanishia na ile programu. Nisikie kwanza. Kwetu kumwambia mtu mfumo wake una tundu bila kumpa cha kujionea ni porojo, unampa ile zana ili aone kwa macho yake, na akishaziba aijaribu tena ajue kweli pamezibwa, hiyo ndiyo adabu ya kazi, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nilivyowafanyia wateja wote, ila wateja wote walikuwa wamesaini mkataba na hospitali haikusaini chochote, na hilo halikunijia kichwani hata kidogo kwa sababu siku ile sikuwa kazini, nilikuwa mtoto wa mgonjwa.

Meneja akanipigia. Sauti nzuri kabisa. "Dada, tumepokea, tunalishughulikia, ila tafadhali usimwambie mtu." Nikamwambia ondoa shaka, maana hiyo nayo ni desturi yetu, kubwa kuliko zote, tundu halitangazwi kabla halijazibwa, ukilitangaza umewaita wezi, kwa hiyo nikampa neno langu.

Waliokuja baadaye walikuwa polisi, wakanikuta kazini mbele ya watu, wakachukua laptopu na simu. Mpelelezi mwenyewe si mtu mbaya, alinivutia kiti, akawa anasoma majina ya programu zangu moja moja, "Hii ya nini?" Namwambia ya kuangalia milango ya mfumo. "Na hii?" Ya kujaribu nywila dhaifu. "Ya kuvunja nywila?" Ya kujaribu, afande. Anaandika. Akaniambia makosa yangu ni kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, halafu kutengeneza, kumiliki na kusambaza kifaa cha kufanyia uhalifu wa mtandao. Nikamuuliza, nimekisambaza kwa nani? Akasema, "Kwa hospitali." Nikamwambia, "Afande, kwa hiyo nimewapelekea walalamikaji kifaa cha kuwaibia wao wenyewe, na jina langu nikaandika, na namba ya simu?" Akajikuna shingo, akasema, "Dada, sheria haikuandika kifaa kizuri na kifaa kibaya. Imeandika kifaa." Nikaachiwa kwa dhamana, nikarudi nyumbani.

Na tangu hapo Shangazi niko peke yangu, yaani peke yangu hasa. Bosi aliniita, akafunga mlango, akasema nipumzike mpaka mambo yapoe, hakusema nimefukuzwa wala hakusema sijafukuzwa, akanipa mfuko wa plastiki nitie kikombe changu na chaja. Kuna mwenzangu tunamwita Mchwa kwa sababu hakuna mfumo asioutoboa, huyo tulikuwa tunakula mchana meza moja, ananiokotea vitunguu kwenye sahani maana anajua sivipendi, nikamwandikia meseji, ikaonyesha imesomwa, kimya, nikaandika tena, kimya, na grupu letu la kazi nikakuta nimetolewa bila hata kwaheri. Juzi nikamkuta dukani kwenye rafu za sabuni, akaniona, na nikajua ameniona, akachukua pakiti ya sabuni ya unga akaanza kusoma maelezo ya nyuma, sasa Shangazi sabuni ya unga ina maelezo gani ya kumshika mtu mzima muda wote ule? Nikapita nyuma yake nikijifanya natafuta kiberiti, nikatoka sijanunua kitu, nikafika nyumbani nikalia mpaka kichwa kikaniuma.

Jirani wa mlango wa pili, aliyekuwa ananiletea simu yake nimtolee matangazo, siku hizi akiniona kwenye ngazi anaigeuza kifudifudi na kuikumbatia kifuani, ungedhani naisoma kwa macho tu. Ndugu wametulia tuli. Mmoja tu ndiye aliyenipigia, binamu yangu, nilipoona jina lake nilifurahi mpaka nikasimama, tukasalimiana, akaniuliza hali, nikaanza kumwambia kwamba hali si nzuri, akanikatiza, "Pole, yatapita, sasa nisikilize, hivi wewe unaweza kunifungulia simu ya shemeji yako nione anaongea na nani?" Nilicheka Shangazi, kicheko kikageuka sijui nini, nikakata simu.

Lakini hao wote ningewavumilia, kinachoniua ni mama. Kuna mtu alimpelekea habari kwamba binti yake amekamatwa kwa wizi wa mtandao hospitalini. Nikaenda. Nikamkuta anakunja nguo, hakuinua macho, akaniuliza, "Ulichukua nini kule?"

Nikamwambia, "Sikuchukua kitu, mama."

"Basi mbona wao wamechukua kompyuta yako?"

Ningemwambia nini? Neno nilishalitoa, tundu sijui kama limezibwa, na nikimwambia kwamba majibu yake yeye ni miongoni mwa yaliyokuwa wazi atakufa kwa aibu, mama ni mtu wa kujisitiri, ule uvimbe wenyewe aliufunika kwa mtandio muda mrefu sana kabla hajanionyesha mimi niliyetoka tumboni mwake. Akasubiri. Akaona sisemi. Akamaliza kukunja, akasema, "Haya. Chai iko kwenye chupa." Siku hizi akipiga simu ni "umekula?", nikisema nimekula, anasema "haya", anakata. Na siku yake ya kurudi kwa daktari imepita hakwenda, anasema ataanzaje kupita mapokezi, wote wanajua yeye ni mama wa nani, na dawa anazimega nusu nusu zisiishe.

Sasa karatasi. Wakili wa hospitali aliniita ofisini kwake, mzee mpole, akaniagizia chai, akaniita mwanangu, akaniuliza kama nalala vizuri, na Shangazi sikudanganyi, karibu nimlilie begani, maana nilikuwa sijaulizwa swali kama hilo na mtu yeyote. Akasema nikisaini kwamba niliingia kwenye mfumo wao kwa nia ovu, kwamba najuta, kwamba mfumo wao ni salama na haujawahi kuwa na kasoro, na kwamba sitafanya tena kazi hii, hospitali itatangaza tumepatana na wataomba kesi ifutwe.

Nimefikia mahali nataka kusaini. Si kwa sababu ni kweli, ila nimechoka. Chumba kimenyamaza mpaka nasikia friji ikiwaka na kuzima. Nafikiri mtu aliyekiri husamehewa, watu wanasema aliteleza, basi, wanarudi, lakini mtu anayebisha wanamkimbia. Kinachonizuia ni kwamba nikipita nje ya ile hospitali nawaona watu wanatoka na vile vikaratasi vya namba, wanavikunja vizuri wanatia kwenye pochi, na mimi sijui kama pamezibwa, na kuangalia siwezi kwa sababu kuangalia ni kosa lile lile tena, na kuwaambia siwezi. Nisaini, Shangazi? Niambie tu nisaini, nitasaini.

Ni mimi, Friji Ndiyo Mwenzangu.

*

Marahaba, mwanangu. Usisaini.

Nimeanza na hilo usije ukaliacha gazeti kwenye kochi ukaenda kutafuta kalamu. Mhariri nimemng'ang'ania mpaka akaitoa barua ya bwana mmoja mwenye wake wawili na kitanda kimoja, yeye atasubiri, wewe Ijumaa haitakusubiri.

Kwanza pole. Pole sana, tena ya moyoni. Hiyo ya sabuni ya unga imenichoma, na hiyo ya binamu imenifanya niite watu wa meza ya pili waisome, tukacheka, halafu tukaona haya kucheka. Umetupwa, na kutupwa kunauma hata kama mtu hana kosa. Nimeyasema hayo, sasa kaa vizuri nikuseme.

Karatasi inasema nia ovu. Ulikuwa nayo? Hukuwa nayo. Inasema mfumo haujawahi kuwa na kasoro. Ni kweli? Si kweli, wewe umeiona kwa macho yako. Basi unataka kutia sahihi uongo mara mbili kwenye ukurasa mmoja, na wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza, maana wa kwanza unakuumiza wewe, wa pili unawaumiza wale wenye vikaratasi kwenye pochi. Kesho mwizi wa kweli akipita kwenye tundu lile lile, watakaolia watakuja kuuliza nani alisema pako salama, na jina litakalokuwa pale chini ni lako. Halafu unafikiri ukikiri watu watarudi! Nani kakudanganya? Huyo jirani wa simu atazidi kuikumbatia, kwa sababu leo ana fununu, siku hiyo atakuwa na sahihi yako. Wewe hutaki kukiri, mwanangu, unataka kampani, na kampani haipatikani kwa wakili wa mtu mwingine.

Na huyo wakili mpole. Nakuelewa. Mtu akikaa muda mrefu bila kuulizwa hali, hata mkusanya kodi akimuuliza atalia. Lakini wakili wa hospitali ni wa hospitali. Upole wake ni wa hospitali na hiyo chai pia ni ya hospitali. Ulikunywa? Haikudhuru kitu, ila usirudie kikombe.

Sasa na wewe. Usijifanye malaika hapa. Tarakimu ya kwanza mkono ulikwenda wenyewe, sawa, nakubali, mikono ya watu wa kazi ina wazimu wake, mimi mwenyewe sipiti penye bango lenye herufi iliyokosewa bila kutaka kupanda ngazi niirekebishe. Lakini ile programu haikuandikwa na mkono ulioteleza. Uliketi ukaiandika, ukaipeleka kwenye majibu ya watu wasiokutuma. Yule wa kwanza uliyemsoma ugonjwa wake ana haki ya kukukasirikia, hata kama ulifumba macho upesi. Nia yako safi ilikuwa kichwani mwako, na mlinzi aliyekukuta dirishani hawezi kuingia kichwani mwako akaikague. Ungesema na wakili au hata na bosi wako kabla ya kupeleka ile barua na ambatanisho lake, angekwambia ambatanisho libaki nyumbani. Watu wa kazi yenu mna ugonjwa mmoja, mnafikiri kila mtu anaisoma desturi yenu. Meneja alipopokea kile kifaa hakuona adabu. Aliona mtu asiyemjua amemtumia ufunguo wa nyumba yake, akawapa wakubwa wake, na wakubwa wakaogopa magazeti kuliko wezi.

Mimi si mwanasheria. Nina rafiki wakili anayenivumilia, nimemsomea barua yako bila jina. Anasema sheria nyingi za namna hii ziliandikwa mwizi akiwa akilini, mtu kama wewe akasahauliwa nje, na kwamba kuna mahali nia njema inasikilizwa na mahali inasikilizwa nusu, kwa hiyo asikubashirie mtu, si mimi, si mpelelezi, si mzee wa chai. Amesema yafuatayo na nayarudia kama alivyoyasema. Tafuta wakili wako mwenyewe kabla ya Ijumaa, na kama hali hairuhusu yapo mashirika na vyama vya wanasheria vinavyosaidia watu bure, uliza bila kuona haya. Usifute chochote popote, hata kile unachodhani hakina maana, kufuta kutakufanya uonekane mwizi kweli. Usiijaribu tena ile tovuti, hata kwa simu ya kuazima. Ile barua uliyompelekea meneja, yenye jina lako na namba yako, ndiyo mtetezi wako mkubwa kwa sasa, wakili wako aishike mapema, kwa sababu mwizi hatoi namba ya simu. Na bosi wako aandike kwenye karatasi ya kampuni kwamba zana hizo ni za kazi mnayoifanya mchana kweupe kwa wateja wanaowaita. Akisita, mwambie kesho polisi wanaweza kuuliza laptopu yake ina nini. Atapata wino haraka.

Mchwa muache na sabuni yake. Ana zana zile zile kwenye mashine yake, kila anapoona jina lako anaona polisi mlangoni kwake. Si kwamba hakupendi, anaogopa, na woga wake ni mzigo wake. Siku akija, na huenda akaja, mpe kiti, lakini usimkimbilie dukani. Na binamu yako mwambie Shangazi amesema amuulize mumewe.

Haya, sasa nije kwenye kilichonikera mpaka nikaiweka barua yako chini nikazunguka meza.

Umeniandikia kurasa mimi nisiyekujua, umenieleza namba, tarakimu, programu, chai, friji. Mama yako alikuuliza swali moja huku anakunja nguo, ukamnyamazia! Akasubiri, tena umeandika mwenyewe, akasubiri, ukamwacha aende na jibu la watu wa mtaani. Unaniambia ulitoa neno. Ulimpa nani? Ulimpa meneja aliyekuitia polisi. Na neno lenyewe lilikuwa nini? Kwamba hutawaonyesha watu jinsi ya kuingia. Zuri, lishike, usimwambie mtu tarakimu wala anwani. Lakini kumwambia mama yako "majibu yako yalikuwa wazi" si kumfundisha mtu wizi. Mama yako atakwenda kuvamia tovuti?

Unasema unamsitiri. Mwanangu, humsitiri, unamfungia nje. Hayo majibu ni ya nani? Shingo ni yake, jina ni lake, damu iliyochukuliwa ni yake. Katika mkasa huu wote mtu mmoja tu ndiye mwenye haki ya kujua kabla ya polisi, kabla ya bosi na kabla yangu, na ndiye pekee uliyemficha. Yeye sasa anakaa peke yake na uvimbe wake, anamega vidonge, anaona haya kupita mapokezi kwa aibu isiyo yake, na wewe unakaa peke yako na friji, mko nyumba mbili mnalia jambo moja.

Na kuna hili ambalo rafiki yangu wakili alilisema akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, nikamrudisha akae. Wewe mikono yako imefungwa. Huwezi kuangalia, huwezi kuuliza, ukikohoa ni kosa. Ya mama yako haijafungwa. Yeye ni mgonjwa wa pale. Anaweza kwenda kwa miguu yake na kuandika, mimi fulani nilipimwa hapa, nataka kujua majibu yangu yanalindwaje, nani ameyaona, na kama tundu nililoambiwa limezibwa. Wasipomjibu, sehemu nyingi zipo ofisi za serikali zinazopokea malalamiko ya watu ambao habari zao zimeachwa wazi, wakili atawaonyesha mlango. Hawezi kuambiwa ameingia bila ruhusa kuuliza habari za shingo yake mwenyewe. Hakuna atakayekuja kumchukulia redio kama walivyokuchukulia wewe laptopu.

Basi fanya hivi. Ukimaliza kusoma, nenda kwa mama. Usipige simu, kwenye simu mtaishia "umekula" na "haya". Mkute, kaa karibu, mwambie kwa maneno ya jikoni: mama, nilipofungua majibu yako niliona mtu yeyote anaweza kuyasoma, ya kwako na ya watu wote, niliogopa, nikawaambia wafunge, nikakosea namna ya kuwaambia, wakaniita mwizi. Inatosha. Usiongeze kompyuta hapo. Huenda akakasirika. Huenda akalia, au akavuta mtandio na kukuuliza ni nani ameona, na wewe utamjibu hujui, na hilo litauma kuliko yote. Usikimbilie kumtuliza. Mwache akasirike, ni haki yake, tena atakuwa anakasirika akiwa upande wako.

Kisha mpeleke kwa daktari wake, mtangulie mapokezi, usalimie kwa sauti. Dawa azimeze nzima.

Na siku ya kwenda kwa huyo wakili wako mwenyewe, usiende peke yako, umekwenda peke yako vya kutosha. Nenda na mama. Kaeni pamoja mbele ya meza, na wakili akichukua kalamu kuuliza nani mwenye malalamiko hapa, wewe funga mdomo, mwache mama ajibu.